Kutengeneza dokumentari ya mwanamke mpanda milima ukiwa Lamu

Lamu hakuna mlima. Kirefu kilichopo ni matuta ya mchanga ya Shela, na ukisimama juu yake unaona bahari, si theluji. Hata hivyo dokumentari ya mwanamke aliyepanda milima miaka mia na zaidi iliyopita yaweza kutengenezwa hapa hapa, kwa sababu sehemu kubwa ya filamu ya aina hiyo haipigwi mlimani. Hupigwa mezani juu ya picha za zamani, hupigwa barazani kwa wazee wanaojua neno "mpagazi" lilibeba uzito gani, na hupigwa ndani ya chumba kilichotundikwa magodoro ambamo msimulizi husoma maneno yake. Anayeanza kwa kukodi droni na kuulizia ada ya kupanda Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, ameanzia mkiani.

Maelezo haya ni ya filamu ya dakika 20 na kikundi cha watu wanne: mwongozaji, mpiga picha, mtu wa sauti na mhariri. Mkiwa watatu, mwongozaji ahariri mwenyewe. Mkiwa wawili, kamwe msimpunguze mtu wa sauti.

Chagua mtu aliyeacha vitu

Shujaa asiyeacha picha, barua wala kifaa ni mtu wa redio. Kabla ya kuandika mstari wowote, orodhesha vitu kumi ambavyo kamera inaweza kuvitazama: picha, ramani, barua, kiatu, kitambaa, nyumba, njia aliyopita. Vikipungua sita, tafuta mtu mwingine.

Mfano wetu hapa ni Gertrude Benham. Alizaliwa London mwaka 1867, akapanda sana milima ya Alps, na mwaka 1904 alikuwa katika milima ya Rocky nchini Kanada, ambako alifika kilele cha Mount Fay kabla ya mtu mwingine yeyote kurekodiwa kukifikia, akiwa na kiongozi wa milimani kutoka Uswisi. Mwaka 1909 alipanda Kibo. Aliendelea kuzunguka dunia, mara nyingi kwa miguu, hadi alipofariki mwaka 1938 akiwa melini karibu na pwani ya Afrika Mashariki, akazikwa baharini. Vitu alivyokusanya safarini, mamia kwa mamia, viliishia katika makumbusho ya mji wa Plymouth, Uingereza, ambayo leo yanaitwa The Box. Barua yako ya kwanza iende huko.

Wapo wengine. May French Sheldon, Mmarekani, alipita Mombasa mwaka 1891 na msafara wake mwenyewe hadi Taveta na Ziwa Chala. Hakuwa mtu wa vilele, lakini kwa mtengenezaji wa pwani ni mgodi, maana wapagazi wake wengi waliandikwa Unguja. Una Cameron wa Scotland alifika Batian, kilele cha juu cha Mlima Kenya, mita 5,199, mwaka 1938. Junko Tabei wa Japani alisimama juu ya Everest tarehe 16 Mei 1975. Picha zake ni nyingi na nzuri, ila zina wenyewe, na wenyewe hulipwa.

Ukishachagua, fungua daftari la safu tano: tarehe, mahali, chanzo, kitu cha kuonyesha, nani ana haki nacho. Kila mstari upewe namba. Baadaye, unapoandika maneno ya msimulizi, kila sentensi yenye dai ibebe namba ya mstari wake pembeni. Sentensi isiyo na namba inatoka, hata iwe tamu namna gani. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo inayookoa filamu siku mtu anaposimama mbele ya watazamaji akauliza, "Hilo mmelipata wapi?"

Neno "wa kwanza" lishike kwa ncha ya vidole

Hakuna neno linaloharibu filamu hizi kama hili. Benham mwaka 1909 alifika ukingo wa kreta ya Kibo. Sheila MacDonald, mwaka 1927, ndiye anayetajwa sana kuwa mwanamke wa kwanza kufika kilele chenyewe, ambacho leo tunakiita Uhuru, mita 5,895. Ukingo na kilele si kitu kimoja: kutoka Gilman's Point, mahali njia ya Marangu inapogusa ukingo, bado kuna mita zipatazo 200 za kupanda na saa nzima au zaidi ya kutembea, katika hewa ambayo kila hatua ina deni lake. Ukiandika "mwanamke wa kwanza kupanda Kilimanjaro" bila kusema alifika wapi, umewanyang'anya wawili hao kwa pamoja.

Tumia maneno haya: "wa kwanza ambaye imeandikwa kwamba alifika" halafu taja mahali na mita. Wanawake wa Kichaga walioishi kwenye miteremko ile hawakuwa na jarida la kuandikia vilele, kwa hiyo orodha ya "wa kwanza" ni orodha ya walioandika. Lisemwe hilo mara moja ndani ya filamu, kwa sentensi moja, bila kuhutubia.

Picha na barua za watu

Sheria ya Kenya inalinda maandishi kwa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Uingereza ni miaka 70. Benham alifariki 1938, kwa hiyo maandishi yake yaliyochapishwa akiwa hai yametoka kwenye ulinzi huko Uingereza tangu mwisho wa 2008. Mtego uko kwenye barua na shajara ambazo hazikuwahi kuchapishwa. Uingereza ina kanuni yake kwa hizo: maandishi ya mtu wa zama zile ambayo yalikuwa hayajachapishwa hadi Agosti 1989 kwa kawaida yanalindwa hadi mwisho wa 2039. Watu wengi hufanya hesabu ya miaka 70, wakafurahi, kisha filamu ikaondolewa mtandaoni kwa sababu ya ukurasa mmoja wa barua. Tena, hata kama kitu chenyewe kina miaka mia, picha iliyopigwa na makumbusho juzi yaweza kuwa na mwenyewe.

Unapoyaandikia makumbusho, toa kila kitu kwenye barua ya kwanza: namba ya kitu unachotaka kama ilivyo kwenye orodha yao, urefu wa filamu, itaonyeshwa wapi (mtandaoni dunia nzima, runinga ya Kenya, matamasha), kwa miaka mingapi, na kama mtaiuza au la. Barua inayosema "tunaomba picha za Bi Benham kwa ajili ya mradi wetu" hukaa miezi. Omba kwanza nakala ndogo za kuhaririia, hata zikiwa na alama ya makumbusho katikati. Lipia nakala kubwa baada ya kuhariri, kwa zile picha zilizobaki tu. Kati ya picha 40 utakazozipenda, zitabaki kama 12.

Kama umepata picha ya karatasi mkononi, iskani vizuri. Picha ya sentimita 10 kwa 15 ikiskaniwa kwa dpi 600 (nukta 600 kwa inchi) inatoa takriban pikseli 2,362 kwa 3,543. Hiyo yatosha kwa filamu ya pikseli 1,920 na unaweza kusogea karibu kidogo tu. Ukitaka kuanzia picha nzima na kuishia usoni mwa mtu mmoja, skani kwa 1,200. Hifadhi TIFF, si JPEG. Mwendo juu ya picha uwe wa polepole, sekunde sita hadi nane, na uwe na sababu: unatoka kwake kwenda kwa aliyebeba mzigo nyuma yake, au kinyume. Kusogeza picha ovyo ili tu isikae kimya kunamchosha mtazamaji haraka kuliko picha iliyotulia.

Wapagazi

Hapa ndipo filamu ya pwani inapoishinda filamu ya London. Maneno yote ya misafara ile ni maneno yetu: safari, mpagazi, kirangozi aliyetangulia mbele, askari, posho ya kila siku. Mzigo wa mpagazi wa misafara ya zamani ulikuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 30, nje ya mkeka na chungu chake. Mtazamaji wa leo akisikia "kilo 30" hasikii kitu. Muonyeshe.

Funga mzigo wa kweli. Chukua gunia la mchele la kilo 25, ongeza kilo tano za chumvi, viringisha ndani ya mkeka, kaza kwa kamba ya makumbi. Pima kwa mizani ya dukani mbele ya kamera, sindano isomeke. Kisha kijana mwenye nguvu aunyanyue kutoka chini hadi kichwani, mara moja tu, kwa picha moja isiyokatwa. Kamera iwe chini, kiwango cha goti, na maikrofoni iwe karibu na kamba: mlio wa kamba ikikazwa na pumzi ya mtu akiinuka vinasema zaidi ya aya nzima ya msimulizi. Usimrudishie mara tano ili upate pembe nyingine. Ukitaka pembe nyingine, weka kamera mbili.

Katika visa vya Benham mlimani, kinachosimuliwa sana ni kwamba wapagazi walikuta mifupa ya watu waliokufa huko juu kabla yao, wakakataa kuendelea, naye akasonga mbele. Filamu nyingi zingekigeuza kuwa kisa cha ushujaa wake na uoga wao. Soma upya. Waliokufa huenda walikuwa watu kama wao, waliofika pale kwa kazi ya mzigo, na mtu anayepanda kwenye baridi kali akiwa na shuka nyembamba ana haki ya kuhesabu mifupa. Weka pande zote mbili kwenye sentensi mbili zinazofuatana na umwachie mtazamaji.

Unapohoji wazee kuhusu misafara, usimsukume mzee hadi akuambie kwamba babu yake alimbebea Bi fulani mzigo. Ukimuuliza "Je, yawezekana alikuwemo?" adabu yake itamfanya akubali. Uliza anachokijua: posho ilikuwa nini, watu walirudi na nini, nani hakurudi, nyimbo zipi zilibaki.

Mahojiano ndani ya nyumba ya mawe

Nyumba za mji wa kale wa Lamu zina kuta nene za matumbawe zilizopakwa lipu ya chokaa. Macho yanazipenda, maikrofoni haizipendi. Sauti inagonga ukuta, inarudi, na kila mtu anasikika kama yuko ndani ya birika. Dawa ni vitambaa: tandika mikeka na mazulia sakafuni, simamisha magodoro mawili nyuma ya kamera na moja upande usioonekana, tundika mablanketi mlangoni. Piga makofi mara moja katikati ya chumba. Ukisikia mkia wa mlio baada ya kofi, ongeza godoro.

Maikrofoni ya kubana kwenye nguo iwe sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu. Kwa mama aliyevaa mtandio, waya upite chini ya kitambaa, na yeye mwenyewe au mwanamke wa kikundi aufunge. Kitambaa cha mtandio kikisugua kichwa cha maikrofoni utasikia mchakacho kila anapogeuka, kwa hiyo bandika vipande viwili vya plasta ya kitambaa juu na chini ya kichwa chake, kiwe katikati kama sandwichi. Weka na maikrofoni ya pili kwenye kijiti juu ya kichwa, nje kidogo ya fremu. Rekodi kwa kHz 48, biti 24, sauti ya kawaida ikicheza karibu na dB −12 na isiguse sifuri hata mtu akicheka.

Kisha kuna mji wenyewe. Punda hulia bila ratiba. Mashine za boti huunguruma tangu alfajiri. Adhana ina ratiba, nayo usishindane nayo: panga mahojiano baada ya sala ya Adhuhuri, saa saba na nusu hivi hadi kabla ya Alasiri, mji unapolala kidogo. Adhana ikianza katikati ya jibu, nyamazeni wote, subirini iishe, na umwombe aliyekuwa akisema arudie sentensi yake tangu mwanzo, si tangu alipokatikia. Mhariri hawezi kuunganisha nusu yenye adhana na nusu isiyo nayo. Kabla ya kuondoka, rekodi sekunde 60 za chumba kitupu, watu wakiwa wamekaa kimya. Hiyo ndiyo gundi ya mhariri.

Nje, upepo ndio bwana. Kaskazi ya Desemba hadi Machi na kusi ya katikati ya mwaka huvuma kwa nguvu mchana, na sponji ndogo inayokuja na maikrofoni haizuii kitu. Unahitaji koti la manyoya. Majuma ya tanga mbili, kati ya pepo hizo, ndiyo mazuri ya kurekodi ufukweni.

Umeme wa Kenya ni Hz 50. Weka kamera fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, la sivyo taa za chumbani zitapepesa kwenye picha, na kupepesa huko hakuondoki kirahisi wakati wa kuhariri. Kosa hili halionekani kwenye kioo kidogo cha kamera. Linaonekana usiku ukifungua kompyuta.

Jambo la adabu ambalo pia ni la kazi: usiingie na kamera begani. Ziara ya kwanza ni ya salamu na chai, bila kifaa. Kwa mahojiano na mama wa nyumba, mpiga picha awe mwanamke, na mkubaliane mapema kamera itaishia wapi. Mara nyingi ni dakani, yaani ukumbi wa mlangoni, au kiwandani, yaani ua wa nyumba; ndani hapapigwi. Fomu ya ridhaa iwe kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, isomwe kwa sauti, na iseme wazi kwamba filamu itawekwa mtandaoni. Mtu akisema baadaye uso wake uondolewe, uondoe.

Mikono

Benham alijulikana kwa kubeba kazi yake ya sindano safarini, milimani na majangwani. Huna mikono yake. Lakini Lamu ina mikono inayoshona kofia za vito, na mwendo wa sindano ni mwendo wa sindano. Ipige kwa lenzi ya karibu, nuru ya dirishani ikitoka ubavuni, saa mbili hadi saa nne asubuhi. Lenga mahali uzi unapotokea, si vidole. Vidole vitakuja vyenyewe. Acha kila picha idumu angalau sekunde kumi. Rekodi mlio wa uzi ukipita kwenye kitambaa: maikrofoni sentimita kumi, feni zizimwe, jokofu la jirani liombwe radhi.

Ila usidanganye. Mtazamaji asidhani ni kazi ya Benham. Aliyeshona aonekane uso wake mara moja, kama ameridhia, na jina lake liandikwe. Filamu inakuwa na nguvu zaidi hivyo: mwanamke mmoja wa 1909 kwa maneno, fundi wa leo kwa picha, na uzi kati yao.

Mlima wenyewe

Kwanza jiulize kama unahitaji kuupanda. Kwa filamu ya dakika 20, picha za mlima zitakazotumika hazizidi dakika mbili na nusu. Kibo kinaonekana vizuri kutoka upande wa Kenya: Loitokitok, Amboseli, na Taveta. Kutoka Lamu unavuka hadi Mokowe, basi hadi Mombasa, kisha Voi na Taveta. Uwe umesimamisha tripodi kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, maana mawingu huanza kufunika mara nyingi kuanzia saa tatu, na mchana huna mlima tena. Januari, Februari na miezi ya Julai hadi Septemba hutoa anga safi zaidi. Kaa asubuhi tatu, usitegemee moja.

Mkiamua kupanda, kumbukeni mnatoka mita sifuri. Juu ya mita 3,000 msiongeze zaidi ya mita 500 za kulala kwa usiku mmoja, na muwe na siku ya kupumzika Horombo, kambi ya njia ya Marangu, takriban mita 3,720. Kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu, hamuendelei kupanda. Mtu akianza kuyumba kama mlevi au kukosa pumzi akiwa ameketi, anateremshwa saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na hata kama ndiye mpiga picha. Filamu inaweza kukosa kilele.

Vifaa navyo vina ugonjwa wao wa mlimani. Diski zenye sahani zinazozunguka kwa kawaida zimetengenezwa kufanya kazi hadi kama mita 3,000 tu, kwa sababu kichwa cha kusomea huelea juu ya hewa, na hewa ikiwa nyepesi kinakaribia sahani. Juu ya hapo tumia SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Betri kwenye baridi hupoteza sehemu kubwa ya chaji. Zilale nawe ndani ya begi la kulalia, na mchana zikae mfuko wa ndani ya koti. Betri iliyokufa usiitupe: ipashe joto kwapani dakika kumi, mara nyingi ina dakika kadhaa zilizobaki. Kamera ikitoka kwenye baridi kuingia mahali pa joto, ifunge kwanza ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na uiache hadi ipate joto, ili ukungu utue nje ya mfuko na si ndani ya lenzi. Kosa hilo hilo hutokea Lamu kwa njia ya kinyume: kamera iliyolala chumba chenye AC ukiitoa nje asubuhi, kioo kinakuwa cheupe kwa nusu saa na picha ya macheo imekupita.

Na chumvi. Kila jioni baada ya kazi ya ufukweni au ya boti, futa kamera kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji yasiyo na chumvi, kausha, weka kwenye sanduku linalofunga vizuri pamoja na vifuko vya jeli ya silika. Lenzi zilizoachwa kabatini mwezi mmoja bila hewa huota kuvu ndani, mfano wa nyuzi za buibui, na fundi wa kuzisafisha hayuko karibu.

Hesabu ya diski

Kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde inajaza GB 45 kwa saa. Saa 20 za picha ni GB 900. Nunua diski tatu za TB 2. Nakala mbili kisiwani, nyumba mbili tofauti, na ya tatu nje ya kisiwa. Usifute kadi ya kamera mpaka nakala mbili zimefunguliwa na kutazamwa, si kunakiliwa tu. Majina ya mafaili yaanze na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, kisha mahali, kisha mtu, ili yajipange yenyewe.

Vibali

Kwa ufupi: leseni ya kupiga filamu Kenya inatoka KFCB, bodi ya kuainisha filamu. Ngome ya Lamu na makumbusho ziko chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, nao wana ruhusa yao. Hifadhi za taifa za wanyama kwa kawaida ni KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Ukivuka kupanda kutoka Tanzania, ni Bodi ya Filamu na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa la huko. Droni inahitaji idhini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, na Lamu ina uwanja wa ndege Manda na sababu za usalama zinazojulikana, kwa hiyo hata mwenye karatasi aulize ofisi za kaunti na polisi kabla ya kuirusha. Anza miezi miwili kabla. Mzee wa mtaa hana fomu, lakini ukimruka yeye, karatasi nyingine zote hazitakusaidia uchochoroni.

Kuhariri, na lugha ya kusemea

Kata ya kwanza ifanye bila muziki na bila msimulizi, kwa sauti za waliohojiwa na picha tu. Ikifika dakika 35, uko pazuri. Tazama mara moja bila kusimamisha, andika mahali mkono ulipokwenda kwenye simu, ukate hapo.

Kisha andika msimulizi. Kiswahili kina maneno marefu; kwa usomaji wa utulivu hesabu maneno 100 hadi 110 kwa dakika. Ukitaka msimulizi asikike dakika nane, una maneno 850 basi. Andika kwa safu mbili, picha kushoto na maneno kulia, na kila neno linaloeleza kinachoonekana tayari kwenye picha lifute. Maneno ya Benham yakitafsiriwa, yatafsiriwe na mtu anayeandika Kiswahili, si na programu iliyoachwa peke yake. Pale alipoandika kuhusu Waafrika kwa dharau ya zama zake, usilainishe wala usirundike; chagua mfano mmoja, usomwe kama ulivyo.

Wazee wakizungumza Kiamu, kiache. Usimfundishe mtu kusema "njia" wakati kinywa chake kinasema "ndia", wala "moja" badala ya "moya". Weka manukuu ya Kiswahili sanifu chini, mistari miwili, herufi zisizozidi 40 kwa mstari, yakae angalau sekunde moja na nusu. Maneno kama "waliokuwa wamembebea" yanajaza nusu ya mstari, kwa hiyo fupisha maana, usifupishe muda wa kusoma.

Muziki mwagize. Mpiga udi mmoja kwa alasiri moja, na makubaliano yaliyoandikwa kuhusu matumizi yote, ni bora kuliko wimbo wa taarabu uliochukuliwa mtandaoni ambao siku moja utaizima filamu yako. Mwambie apige chini ya picha, asipande juu ya maneno.

Sauti ya mwisho iwe LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti ya filamu nzima) −14 kwa mtandaoni na −23 kwa runinga. Toa mafaili mawili tofauti.

Onyesho la kwanza

Kama ni Mkunguni mbele ya ngome, baada ya Isha, projekta iwe ya lumeni 3,000 au zaidi na taa za uwanjani zizimwe kwa makubaliano ya mapema. Kitambaa cheupe kikazwe pande zote nne, kwa sababu upepo wa baharini ukikivimbisha mlima unaanza kupumua. Spika mbili ziwe mbele, usawa wa vichwa vya walioketi mikekani, na waya zipite juu kwa ajili ya punda. Jaribuni filamu nzima usiku wa jana yake, kwa faili lile lile na kompyuta ile ile, mkiwa na betri ya akiba ya kompyuta na jenereta iliyowekwa mbali, nyuma ya ukuta, upande upepo unakokwenda.